Nilichojifunza kuendesha seva ya Git hapa Mbeya

Wakuu habari za kazi. Kuna madogo wa chuo na madevelopa kadhaa wamekuwa wakiniuliza ile huduma yetu ya kuhifadhi kodi za programu na kudiploi (kuziweka programu hewani) tunaiendeshaje wakati hela ya mashine kubwa hatuna, sasa nimeona niandike sehemu moja kila mtu asome. Wengi wakisikia seva ya Git, ile programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi, wanawaza RAM, wanawaza ulinzi, wanawaza kuta za moto. Vyote hivyo vina nafasi yake. Ila kwa hapa kwetu nyanda za juu mimi naamini swali la kwanza ni nini kinasafiri kwenye mtandao na kinasafiri mara ngapi, maana aliye upande wa pili ananunua bando, yuko Tukuyu mvua inapiga au yuko kwenye basi Makambako, na mtandao unamkatikia katikati ya kazi. Karibu kila boresho lililotusaidia kweli lilianzia hapo.

Tulivyojipanga ni hivi: mashine kuu iko ofisini kwetu Soweto hapa mjini, nyingine ndogo iko Iringa kwa jamaa zetu, na ya tatu tumeikodi Dar kwa ajili ya mifumo ya wateja inayotakiwa ipatikane mda wote. Watu wetu ni mchanganyiko, kuna vyama vya msingi vya kahawa Mbozi, kuna wanunuzi wa parachichi Rungwe na Njombe, shule, maduka ya dawa, na wanafunzi wengi. Wanafunzi walianza kumiminika baada ya Novemba 2022 pale Heroku, kampuni ya nje inayohost programu za watu, walipofuta mpango wao wa bure, kwa sababu kule ndo wengi walikuwa wanaweka projekti za mwaka wa mwisho, unapushi (unatuma) kodi yako na inajidiploi yenyewe bila kugusa seva, mwalimu anafungua linki anaona kazi. Walipokosa pale wakawa wanauliza hapa mjini nani ana kitu kama kile.

Programu tunayotumia ni Gitea. Imeandikwa kwa lugha ya Go, unashusha faili moja unaliwasha, basi. Ilizaliwa kutoka programu nyingine iitwayo Gogs mwaka 2016, na mwaka 2022 baadhi ya wachangiaji wakajitenga wakaanzisha Forgejo, kwahiyo mkiona hizo mbili zinafanana sana msishangae, ni ndugu. GitLab, nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni nzuri na ina kila kitu, lakini inataka RAM ya gigabaiti kadhaa ndo iende vizuri na sisi mashine yetu ilikuwa na kazi nyingine za kufanya. Ukiwa na watu wachache na mashine ndogo anza na Gitea au Forgejo, hutajuta.

Sasa niingie kwenye kiini. Linus Torvalds alivyoanza kuiandika Git Aprili 2005 kwa ajili ya kernel (kiini) ya mfumo wa Linux aliitengeneza kila mtu awe na historia nzima ya kodi kwenye mashine yake, na hiyo ni baraka kubwa kwa mtu wa huku kwa sababu unaweza kukomiti (kuhifadhi hatua ya mabadiliko), kulinganisha, kurudi nyuma, yote bila intaneti. Gharama yake iko siku ya kwanza. Ukikloni ripo, yani ukinakili hifadhi ya kodi kwenye mashine yako, unavuta historia yote kwa mkupuo, na Git haina uwezo wa kuendelea pale ilipokatikia. Mtandao ukikata ikiwa imebaki kidogo, inatupa kila kitu na ukirudia unaanza sifuri.

Kuna dada mmoja anafanya kazi na sisi akiwa Njombe, siku moja akanipigia, "Kaka kamwene. Hii ripo ya parachichi tangu asubuhi inafika asilimia tisini inakufa, inaanza upya, bando la wiki limeisha na kodi sijaiona." Nikamwambia dada pole, acha usirudie tena, ngoja nikuandalie kitu. Nikakumbuka amri ya git bundle, ambayo inachukua ripo nzima na historia yake inaifunga kwenye faili moja la kawaida. Faili la kawaida ukiliweka kwenye seva ya wavuti linashuka kwa vipande, likikatika unaendelea pale pale ulipoishia, programu ya curl ukiipa alama ya -C - inafanya, hata meneja wa kudaunilodi wa kwenye simu anafanya. Nikamtumia linki, akalivuta taratibu mpaka jioni, akakloni kutoka kwenye lile faili, akabadilisha anwani ya seva, akafanya git fetch ikaleta vikomiti vichache tu vya siku ile. Kazi ikaanza.

Tangu hapo tukaifanya iwe sehemu ya huduma. Kila usiku seva inatengeneza bundle ya kila ripo iliyobadilika, na kwenye ukurasa wa ripo kuna linki yake na maelezo mafupi ya Kiswahili. Jamaa wa Iringa walivyokuwa wanafungua ofisi yao hatukutumia intaneti kabisa, tuliweka bundle zote kwenye flashi tukaikabidhi kwenye basi kama mzigo, ikafika wakakloni zote siku hiyo hiyo. Na kwa mtu anayetaka kuangalia kodi ya leo tu bila historia kuna --depth 1, hiyo inavuta hali ya mwisho peke yake, seva yetu ya kujenga inaitumia kila mara.

Ila bundle haipunguzi uzito wa ripo, inausafirisha tu kwa heshima. Kwahiyo tukaanza kuuliza huu uzito unatoka wapi. Git inavyohifadhi maandishi ni hodari sana, inabana na inahifadhi tofauti, faili la kodi hata likibadilishwa mara mia halinenepi kihivyo. Kinachoua ni vitu ambavyo tayari vimebanwa, APK (faili la kusakinisha app ya Android), zip, picha za simu, video ya demo, na dampu (kopi nzima) za databesi, maana toleo jipya la APK kwa Git ni kitu kipya karibu chote. Halafu kuna node_modules, folda ya maktaba za JavaScript zilizoshushwa, huo ni ugonjwa wa kila mwanafunzi mpya. Na watu hawajui kwamba ukilifuta faili kwenye komiti inayofuata bado limo kwenye historia, kila atakayekloni ataendelea kulilipia bando maisha yake yote. Ukitaka kujua ripo yako ina uzito gani andika git count-objects -vH uone.

Dawa ya kulitoa kabisa ni git filter-repo, inaandika historia upya bila lile faili. Inafanya kazi vizuri, ila ujue namba za komiti zote kuanzia pale zinabadilika, wote inabidi wakloni upya, na mtu mmoja akipushi kutoka kopi yake ya zamani anaurudisha uchafu wote. Sisi tunapanga siku, tunatangaza kwenye grupu, kila mtu anapushi kazi zake, tunafunga mlango, tunasafisha, tunatoa bundle mpya ndo tunafungua. Ni kazi, kwahiyo bora kuzuia.

GitHub, ile hifadhi kubwa ya kodi ya mtandaoni, wao wanakataa faili linalozidi megabaiti 100. Kwa bando zetu hiyo ni mbali sana, tukaweka mpaka wa megabaiti 5 kwa kutumia skripti ya pre-receive, ile inayokagua kabla seva haijakubali. Na hapa kuna jambo sijaona watu wakilisema: ile skripti inakagua baada ya data kuwa imeshafika. Yani mtu ameshapushi megabaiti 80 kutoka Kyela, bando limeshaliwa, ndo seva inamwambia hapana. Ulinzi wa seva umefanya kazi lakini yule mtu umemuumiza. Ikabidi tuweke ukaguzi mwingine kwenye laptopu yake, wakati wa kukomiti, kabla ya kitu chochote kusafiri. Hizo skripti za upande wa mtumiaji hazishuki zenyewe unapokloni, Git haifanyi hivyo kwa sababu za usalama, inabidi mtu aelekeze core.hooksPath kwenye folda iliyomo ndani ya ripo, kwahiyo tumeandika amri moja ya kuanzia kazi na tunamfundisha kila mgeni aiendeshe siku ya kwanza.

Ujumbe wa kukataa nao tuliufanyia kazi sana na sijutii hata dakika moja. Mwanzo ulikuwa wa kiingereza na unasema tu faili kubwa. Simu zikawa haziishi. Sahivi unataja jina la faili, uzito wake, na unaeleza kwa Kiswahili uandike nini, toa faili kwa git rm --cached, halafu git commit --amend ili litoke kwenye komiti ile ile, usitengeneze komiti mpya maana la zamani litabaki. Na kama ni komiti ya nyuma zaidi inamwambia atupigie. Baada ya hapo simu za aina hiyo zikapungua kabisa na madogo wakawa wanaelewa Git zaidi kuliko tulivyowafundisha kwa mdomo.

Skripti hiyo hiyo inaangalia siri. Pasiwedi za databesi, funguo za kuunganisha malipo ya simu, faili la .env linalobeba siri kama hizo. Hapo nasema kitu kimoja tu, ufunguo ukishapushiwa hesabu umeshavuja, badilisha ufunguo kwanza ndo usafishe historia.

Tukija kwenye kudiploi. Tulianza na Dokku, ambayo mwaka 2013 ilianza kama skripti ya Bash ya mistari kama mia moja tu juu ya Docker, programu inayofunga mfumo ndani ya boksi lake liitwalo kontena, na mpaka leo naiheshimu sana. Unapushi, inajenga kontena, inawasha. Shida ilikuja pale ambapo kujenga kunafanyika kwenye mashine ile ile inayohudumia wateja, projekti moja ya React ikianza kujengwa inakula RAM yote na mfumo wa duka la dawa unaganda wakati mtu kasimama dirishani anasubiri risiti. Tukatenganisha. Kujenga kunafanyika Soweto, ikikamilika imeji, yani kifurushi kinachowashwa kuwa kontena, inatumwa Dar. Na kwa vile Docker inatuma yale matabaka tu yaliyobadilika, mpangilio wa Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji) ukawa ni suala la hela. Ukinakili kodi yote kwanza ndo uweke maktaba, kila ukibadilisha hata nukta moja tabaka la maktaba linajengwa upya na linasafiri upya. Nakili package.json na package-lock.json (orodha za maktaba) peke yake, weka maktaba, halafu nakili kodi. Mabadiliko ya kawaida yanasafiri kidogo sana. Nimeona watu wana miaka kwenye hii kazi na hawajawahi kupanga hiyo mistari.

Maktaba zenyewe nazo tukaacha kuzivuta nje kila mara. Kwa npm (maktaba za JavaScript) tunatumia Verdaccio, kwa Python devpi, zinakaa katikati, ukiomba kitu mara ya kwanza zinakivuta nje zinakihifadhi, mara ya pili kinatoka hapo hapo ofisini. Tulifanya kwa ajili ya kubana matumizi. Faida yake nyingine tukaiona tarehe 12 Mei 2024, zile nyaya za baharini EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima intaneti ikawa ya kuotea. Ofisini watu walipushi, wakakagua kodi za wenzao, projekti ambazo maktaba zake zilikuwa zimeshahifadhiwa zikajengwa mpaka mwisho. Walikuja hadi vijana wa ofisi nyingine za jirani na laptopu zao, kodi zao zote zilikuwa nje ya nchi na hawawezi kuzifikia, wakakaa kwetu. Mimi siku ile ndo nilielewa kwa nini inafaa kuwa na seva karibu na watu, na siwezi kukubali tena mtu akiniambia kwamba kuhost hapa hapa ni kupoteza mda.

Kuhusu kuwasha toleo jipya tuna utaratibu mmoja. Kontena mpya inawashwa pembeni, inaulizwa kwenye anwani yake ya afya kama iko sawa, na ile anwani lazima iguse databesi kweli, isijibu tu sawa sawa. Ikijibu vizuri ndo wateja wanahamishiwa, ya zamani inabaki kwa mda ndo inazimwa. Imeji za matoleo yaliyopita tunaziacha pale pale Dar ili kurudi nyuma kusihitaji kutuma kitu chochote. Hilo la mwisho ni muhimu, maana mara nyingi unapotaka kurudi nyuma kwa haraka ndo mtandao wako nao unasumbua.

Lakini kodi ikirudi nyuma databesi hairudi. Msimu wa kahawa Mbozi, ambao huanza kama mwezi wa sita, mzee mmoja wa chama cha msingi alinipigia mapema. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana wangu, watu wamejaa hapa na magunia, mzani unapima lakini kompyuta inagoma kuandika jina la mkulima." Mkandarasi mwingine aliyekuwa anawafanyia kazi alikuwa amediploi usiku, toleo lake limebadilisha jina la safu kwenye jedwali la wakulima, kisha akaona kuna hitilafu akarudisha kodi ya zamani akalala. Kodi ya zamani inatafuta safu ambayo haipo tena. Wakulima wametoka vijijini na baiskeli na bodaboda, wamesimama. Ile asubuhi sitaisahau, na ndo maana kwenye huduma yetu tukaweka sheria kwamba mabadiliko ya databesi yanakwenda kwa hatua. Kwanza unaongeza safu mpya na ya zamani unaiacha, kodi inaandika zote mbili, toleo linalofuata linasoma mpya, na ya zamani inafutwa baadaye kabisa ikishathibitika hamna anayeitumia. Kila hatua kodi ya jana bado inaweza kufanya kazi. Tumeongeza pia ratiba kwa kila mteja, mfumo wa kahawa haudiploiwi saa za mzani ndani ya msimu, hata bosi akisema, labda aombe mtu wa chama mwenyewe.

Umeme nao una sura yake. Ukikatika ghafla mtu anawaza databesi tu, ila Git nayo inaumia. Mtu akipushi kitu kidogo, chini ya vitu 100, seva inakifungua kuwa mafaili madogo madogo, na kwa mpangilio wa kawaida hayo mafaili hayasukumwi mara moja mpaka kwenye diski, yanaweza kubaki kwenye kumbukumbu kwa mda. Umeme ukienda hapo unakuta mafaili ya baiti sifuri na ripo inalalamika imeharibika. Kuanzia Git 2.36 ya mwaka 2022 kuna mpangilio wa core.fsync, ukiuweka committed inahakikisha vimeandikwa kweli, inapunguza kasi kidogo na kwetu hiyo kasi hamna aliyeiona. Tukaweka na UPS inayoongea na mashine kwa waya wa USB, betri ikishuka mashine inajizima yenyewe kwa adabu. Na git fsck, amri ya kukagua uzima wa ripo, inazunguka ripo zote kila wiki. Uzuri wa Git ni kwamba hata ripo ya seva ikiharibika aliyepushi mwisho anayo kopi nzima kwenye laptopu, mara nyingi tunaponea hapo.

Sema vitu ambavyo havimo kwenye kopi za watu ni watumiaji, ruhusa, maoni, tiketi za makosa, vyote vinakaa kwenye databesi ya Gitea. Na bakapu ya hiyo ndo inayonifanya nisilale vizuri kuliko kitu kingine. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab wenyewe walipoteza data za databesi yao, fundi alifuta folda kwenye mashine kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba, na walipokwenda kwenye bakapu wakakuta pg_dump, amri ya kunakili databesi, ilikuwa inashindwa kwa sababu toleo lake halikulingana na la databesi, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyochukuliwa kwa mkono masaa kama 6 nyuma. Waliandika yote wazi, na nawaheshimu sana kwa hilo, kila anayeendesha seva angeisoma ile taarifa.

Sisi tulichokichukua pale ni kwamba bakapu inahesabika ikishafunguliwa. Mashine ya Iringa ndo kazi yake kubwa. Inavuta bakapu kutoka Mbeya, tofauti tu, usiku bando likiwa rahisi, halafu inairudisha kabisa, inawasha Gitea nzima humo, inajaribu kuingia, inakloni ripo kadhaa na kulinganisha komiti ya mwisho na ile ya Mbeya. Ikifaulu inatuma meseji kwenye grupu. Ikikaa kimya ndo tunashtuka, hatusubiri meseji ya kosa, maana kitu kilichokufa hakitumi meseji. Jamaa wa Iringa wao kila baada ya mda wanafanya zoezi la kufanya kazi siku nzima kwa kutumia ile mashine yao kama vile Mbeya haipo, na huwa wanarudi na orodha ya vitu tulivyosahau kuvinakili, mara funguo za SSH (za kuingilia mashine kwa mbali), mara zile skripti za mlangoni, mara cheti cha usalama wa tovuti cha Let's Encrypt ambacho kinaisha baada ya siku 90 na kule hamna wa kukifufua.

Sahivi tunachohangaika nacho ni bundle za nyongeza. Ile ya usiku ina historia yote, na mtu ambaye anayo ya wiki iliyopita hana sababu ya kuvuta yote tena. Git inaruhusu kutengeneza bundle ya kuanzia komiti fulani mpaka leo, kwahiyo tunataka kwenye ukurasa mtu achague tarehe aliyofanya kazi mara ya mwisho apewe kifaili kidogo cha hapo katikati, hata kwa WhatsApp kinafika. Skripti imeshaandikwa, inajaribiwa na yule dada wa Njombe na vijana wawili wa Mafinga. Kuna shida bado pale mtu anapokuwa na matawi (mistari ya kazi ya pembeni) ambayo seva ilishayafuta, ikipata jibu nitaweka skripti nzima hapa muichukue.